Mtoto ameokolewa, alafu? Maswali yenu na majibu

Wiki hii karibu maswali yote ni ya jambo moja, watoto wanaotolewa kijijini hapa Uganda kwenda kutumikishwa mjini. Majina nimeyaacha nje makusudi, na nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili mtoto asijulikane.

Jirani yetu hapa Namuwongo, Kampala, ana msichana wa kazi, mdogo, nadhani miaka 11. Haendi shule, usiku tunamsikia analia. Mume wangu anasema tuachane na mambo ya watu. Nifanye nini?

Mama, mumeo anaogopa ugomvi na namwelewa, lakini hili si la kuachana nalo. Sheria ya kuzuia biashara ya watu ya 2009 inasema mwananchi anayejua jambo kama hili lazima aripoti. Piga 116, ile namba ya Sauti ya kuripoti mambo ya watoto, ni ya bure hata kama huna salio kwa simu, au nenda polisi kwenye kitengo cha familia na watoto. Pia kuna makamu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, huyo kisheria ndo mwenye jukumu la watoto kijijini, ila kama ni rafiki wa huyo bosi basi mruke, enda polisi moja kwa moja.

Nakuomba kitu kimoja tu, usiende kugonga mlango mwenyewe umchukue. Bosi akishtuka mtoto anahamishwa usiku huo huo, anapelekwa kwa dada wa bosi Mukono huko, na kesho mkija na polisi mtaambiwa hapa hajawahi kuishi mtoto yeyote. Wewe andika unachoona na kusikia, siku gani, saa ngapi, hiyo karatasi itasaidia sana baadaye kortini.

Lakini kama mama wa mtoto mwenyewe ndo alimtoa, na kila mwezi anatumiwa pesa, kosa liko wapi hapo? (Mzee, Soroti)

Mzee wangu, kosa liko palepale. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 sheria hiyo hiyo haihesabu kwamba mzazi alikubali, na wala haihitaji kuonyesha kuwa mtoto alidanganywa au alishikwa kwa nguvu, inatosha kwamba alichukuliwa ili atumikishwe. Na adhabu kwa anayefanya biashara ya mtoto inaweza kufika mpaka kifo, ndivyo ilivyoandikwa.

Ila mimi siwaweki ajenti, yule anayekuja kuchukua watoto, na mama kapu moja. Mama wa Napak, kule Karamoja, mtama wake umekauka shambani, anakuja mwanamke anayemjua, anaongea Ngakarimojong, lugha ya kwao, kama yeye, amevaa vizuri, anamwambia binti ataenda Kampala atasoma na kula kila siku, sasa wewe ungekuwa na watoto sita na sufuria tupu ungesemaje? Kulea mtoto wa ndugu ni desturi yetu na ni nzuri. Kama anasoma na wako, anakula na wako, anaongea na mama yake kwa simu, hakuna atakayekusumbua. Kama wako wanaenda shule yeye anabaki kufua sare zao, hapo mzee unajua mwenyewe.

Mimi ni bodaboda hapa Busia. Kuna siku nabeba wasichana wadogo na mwanamke mmoja, wanavukishwa kwa njia za panya. Nitajuaje, na mtoto atafungwa kwa kuvuka bila karatasi?

Kaka, nyie wa boda ndo macho ya mpaka. Angalia watoto kadhaa wasiofanana na mtu mzima mmoja anayejibu kila swali kwa niaba yao, mtoto hajui anaenda mji gani, hana namba ya mtu wa kwao hata moja. Wasichana wa Karamoja wamekuwa wakipelekwa mpaka Eastleigh, Nairobi, na wengi wanapitia hapa kwetu na Malaba. Piga 116, na ukiwa upande wa Kenya namba ya watoto ni hiyo hiyo 116. Mtoto hafungwi, sheria inamlinda yule aliyefanyiwa biashara asishtakiwe kwa kuingia nchi bila karatasi.

Wale watoto wanaoomba Kampala barabarani, nikiwapa sarafu mbili tatu ni dhambi?

Huruma si dhambi, ila wengi hiyo sarafu haikai mkononi mwao, jioni inakusanywa na mtu mzima aliyewaweka pale, kule Katwe na Kisenyi wanakolala kwa kulipia. Kwa hiyo kadiri kona inavyolipa ndivyo watoto wengine wanavyoletwa. Na tangu 2019 Kampala ina sheria ya jiji inayokataza kuwapa pesa watoto wa barabarani. Pesa yako ipeleke kwa wanaowasomesha.

Probeshoni (ofisi ya ustawi wa watoto) walitupa mtoto wa miaka 9 tumlee huku wakitafuta kwao. Anaficha posho (ugali) chini ya godoro, anakojoa kitandani, nikimwita anaruka kama amepigwa. Nimechoka dada, nimrudishe? (Mama mlezi, Tororo)

Usimrudishe, tafadhali, na kuchoka kwako ni haki yako, mwambie afisa wa probeshoni hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Huyo mtoto anaficha chakula sababu huko alikokuwa alikula makombo, na siku nyingine hakula kabisa. Usimnyang'anye wala usimwite mwizi. Mpe kikopo chake chenye kifuniko, kitie karanga au mandazi, kiwe chake kabisa, na kila jioni kijaze tena, siku atakayoamini kwamba kesho kuna chakula ataacha mwenyewe, inaweza kuchukua miezi.

Kukojoa kitandani anza na kliniki, manake inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, au ameumizwa mahali ambapo hawezi kukuambia, basi muombe mhudumu ampime taratibu na wewe uwepo kama mtoto anataka uwepo. Nyumbani weka plastiki chini ya shuka, amka naye mara moja usiku, na watoto wengine wasimcheke.

Usimsukume asimulie. Kila mgeni anayekuja anamuuliza ilikuwaje, pasta, shangazi, jirani, na kila mara anaumia upya. Maelezo yachukuliwe na polisi na afisa wa ustawi, basi. Siku akitaka kuongea mwenyewe, wewe acha sufuria ukae chini usikilize.

Na hili watu wengi hawalioni: atataka kufanya kazi. Utamkuta saa kumi na moja alfajiri anafagia ua na wageni watamsifu, mtoto ana adabu huyo! Hiyo ni hofu tu, anadhani akilala utamfukuza, mrudishe kitandani. Kazi ndogo kama za watoto wako sawa, zaidi ya hapo hapana. Siku utakayomsikia anagombania mpira na wenzake, ujue anapona.

Mwaka jana mtoto wa hapa Lorengechora aliletwa na gari, picha zikapigwa, miezi michache amerudi Kampala. Kuna faida gani? (Mwalimu, Napak)

Mwalimu, umegusa penyewe. Kumshusha mtoto kwa gari bado si kumrudisha nyumbani. Kilichomtoa bado kipo palepale, Karamoja mnavuna mara moja kwa mwaka, kuanzia kama mwezi wa tatu maghala yanakuwa matupu mpaka mavuno, na 2022 watu walikufa kwa njaa. Ukimleta mtoto mwezi wa tano bila chochote, ajenti hana haja hata ya kumdanganya.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya gari kuondoka Kampala. Mtu afike kwa manyatta aulize nani alimtoa, sababu kama ni shangazi anayelala nyumba ya pili humrudishi kwa mikono ile ile. Wakati huo mtoto akae mahali kama kituo cha Koblin hapo kwenu Napak, ajifunze kusoma au kushona, na mama yake apate mbuzi, mbegu, kikundi cha akiba, kitu cha kushika. Alafu kutembelewa, na mimi nasema kutembelewa kwingi kuwe ile miezi ya njaa, sio Desemba tu wakati ofisi zinaandika ripoti.

Wewe mwalimu una nguvu kuliko gari lolote. Uji wa shule unamshika mtoto, na rejista yako ndo king'ora cha kwanza, akikosa siku mbili tatu mpigie LC siku hiyo hiyo usisubiri wiki. Msichana wa miaka 14 ukimweka P2 (darasa la pili) na watoto wadogo ataona aibu atoroke, huyo mtafutie masomo ya haraka au ufundi. Na hizo picha, mwalimu, wakataze. Uso wa mtoto ukishasambaa kwa WhatsApp kijiji kizima kinajua alikuwa nani huko mjini.

Binti yetu alifanya kazi miaka miwili bila kulipwa. Anaweza kudai?

Ndiyo. Kwenye kesi ya biashara ya watu korti inaweza kuamuru mshtakiwa amlipe fidia. Mwambieni mwendesha mashtaka mapema, kabla ya hukumu, na mpeleke karatasi za hospitali, ujumbe wa simu na majirani waliomuona akifanya kazi.