Paka mgeni na mtoto mwenye usonji

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa miaka 7 ana usonji. Juzi tumeleta mtoto wa paka. Paka akilia tu, mwanangu huziba masikio na kujificha chini ya meza. Lakini usiku nimemkuta amelala sakafuni kando ya kikapu cha paka! Nimrudishe paka?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimrudishe. Mtoto hamchukii paka. Kinachomuumiza ni ile sauti ya ghafla. Mimi wangu wa usonji nilimpakatisha paka siku ya kwanza. Akapiga yowe, paka akamkwaruza, na kwa wiki kadhaa hakuingia chumba kile. Mwache wako asogee mwenyewe, kama alivyosogea usiku.

Mchoree picha: paka anakula, paka analala, paka analia kwa njaa. Akijua kilio kinakuja lini, hakitamshtua sana. Chini ya meza pabaki pake, paka asipelekwe huko. Paka naye apate boksi lenye tundu, asifuatwe humo. Mfundishe kusoma mkia: ukianza kupigapiga huku na huku, mkono uondoke. Na mtu mzima awe karibu wakiwa pamoja, hata ukiwaona wametulia.