Kilo zinarudi baada ya kupunguzwa tumbo
Pole dada, umesema ulipunguzwa tumbo (ile operesheni ya kufanya mfuko wa chakula uwe mdogo) miaka 2 iliyopita na sasa kilo 6 zimerudi, usijilaumu jamani, inawatokea wengi kuanzia mwaka wa pili. Mi ningeanza na vinywaji. Soda, juisi, chai ya maziwa yenye sukari, vyote vinapita tu kwenye hicho kitumbo bila kukushibisha, ndo vinavyonenepesha kimyakimya. Alafu kwenye sahani anza na protini, samaki, mayai, maharage, ugali uje mwisho, lenga angalau gramu 60 za protini kwa siku na maji unywe nusu saa baada ya kula sio katikati ya msosi. Vidonge vya vitamini usiache, hasa B12. Na rudi kwa daktari wako mapema, mi nilichelewa mwaka mzima sababu ya aibu.