Maswali ya Wasomaji: Mizinga ya Kwanza ya Nyuki

SWALI: Ndugu Mshauri, nimeazimia kuanza kufuga nyuki pembezoni mwa shamba langu. Jirani ananihimiza nitundike mizinga kumi kwa mpigo ili gharama ya mavazi ya kinga na bomba la moshi irudi upesi. Je, nimfuate?

JIBU: Hesabu ya jirani yako inachukulia kwamba kila mzinga utapata nyuki na kwamba nyuki hao watakaa, mambo mawili ambayo mgeni wa kazi hii hawezi kuwa na hakika nayo. Ningekushauri uanze na makundi mawili, katika mizinga ya aina moja, yenye viunzi (fremu za mbao ambamo nyuki hujenga masega) vya vipimo vilevile.

Mwenye kundi moja hana cha kulinganisha nalo, wala hana pa kukopa malkia anapokufa. Nyuki vibarua wanaweza kumlea malkia mpya, lakini kwa kutumia buu ambalo halijapita siku 3 tangu lianguliwe. Likipita umri huo, huwa kibarua. Ikiwa mayai na majana (watoto wa nyuki) machanga yamekwisha, utatoa kiunzi chenye mayai katika mzinga wa pili, ukikung'ute nyuki wake taratibu, kisha ukiingize katika mzinga uliofiwa. Malkia hutoka katika kijumba chake, yaani tundu la nta anamokulia, siku ya 16 tangu yai kutagwa, naye huhitaji siku kadhaa zaidi za kupandwa na madume angani kabla ya kutaga. Usipohamisha kiunzi hicho, baadhi ya vibarua wataanza kutaga mayai yasiyorutubishwa, ambayo huzaa madume pekee, na kundi litakwisha polepole. Ukiona mayai mengi yamerundikana katika kijumba kimoja, shuku hali hiyo.

Kwa sababu hiyo, unapokagua usipoteze muda kumtafuta malkia kati ya maelfu ya nyuki. Tafuta mayai: yai huanguliwa baada ya siku 3, kwa hiyo ukiyaona unajua kwamba alikuwapo siku hizo. Fukiza moshi kidogo uliopoa, simama ubavuni au nyuma ya mzinga, kamwe si mbele ya mlango, na ufunge mara upatapo jibu ulilolitafuta.

Fundi seremala akikutengenezea mizinga ya masanduku, msisitizie nafasi kati ya kiunzi na ukuta, isiyopungua milimita 6 wala kuzidi 9. Ikiwa finyu zaidi, nyuki huiziba kwa gundi yao. Ikiwa pana zaidi, hujenga sega hapo, nawe hutaweza kuinua kiunzi bila kuvunja kitu. Mmarekani Langstroth aliitumia kanuni hii mwaka 1851, na ndiyo iliyowezesha viunzi kutolewa na kurudishwa.

SWALI: Kundi liliingia lenyewe katika mzinga wangu, likajenga masega, na baada ya wiki chache likatoweka lote. Nilikosea wapi?

JIBU: Kundi linapogawanyika, sehemu yake hubaki, mzinga mtupu kabisa huonyesha kwamba limehama au limekufa, na kwa kuwa hutaji mizoga, nadhani lilihama. Yasome masega yaliyobaki. Yakiwa makavu, bila asali wala majana, waliondoka kwa mpango, mara nyingi kwa uhaba wa maua au maji: malkia hupunguza kutaga, majana yaliyopo humalizika kutoka, asali huliwa, ndipo kundi huruka. Yakiwa na majana yaliyotelekezwa, walifukuzwa ghafla na siafu, joto kali, au mtu aliyefungua mzinga mno. Nami huwashuku zaidi wafugaji wapya, ambao udadisi huwashinda.

Tundika mzinga unaofuata kwa waya uliopakwa grisi, mahali penye kivuli na maji ya karibu. Maua yakikosekana, lishe maji ya sukari ya kipimo sawa kwa sawa, na uyaweke ndani ya mzinga, maana yakiwa nje huvuta nyuki waporaji. Masega ya zamani yatoe na uyayeyushe kabla nondo wa nta hawajayavamia, ila paka nta kidogo chini ya viunzi ili ivute kundi jipya.

SWALI: Asali niliyorina imechacha. Kwa nini?

JIBU: Uliirina ikiwa mbichi. Nyuki hupunguza maji ya mbochi, yaani utamu wanaoukusanya mauani, hadi yakaribie asilimia 18, kisha hufunika vijumba kwa nta. Rina sega ambalo angalau robo tatu yake imefunikwa, acha yenye majana, na usirine siku ya mvua. Chombo kiwe kikavu na kifungike barabara, kwa kuwa hata asali iliyoiva hunyonya unyevu wa hewani.