Taunishipu mbili kwenye hati moja

Swali: Nimepewa hati ya shamba lililoko Michigan, Marekani, niitafsiri. Inasema liko "Taunishipu 4 Kaskazini, Renji 7 Mashariki, Seksheni 16". Chini yake imetajwa taunishipu nyingine, hiyo ina jina badala ya namba. Zote nimeziandika "mji mdogo". Nimekosea?

Jibu: Umekosea, ila kosa hilo nimelikuta hata kwa watu wa fani yangu ya upimaji.

Hiyo yenye namba haina meya wala ofisi, wala si lazima iwe na mkazi hata mmoja. Ni mraba wa upimaji. Sheria ya ardhi ya Marekani ya mwaka 1785 iliagiza ardhi ya magharibi igawanywe kabla ya kuuzwa, kila mraba ukiwa na maili 6 kila upande. Ndani yake mna seksheni 36, kila moja ekari 640. Namba zinaanzia pembe ya kaskazini-mashariki, zinakwenda magharibi, kisha zinageuka na kurudi, kama ng'ombe wa plau shambani, hadi 36 kwenye pembe ya kusini-mashariki.

Kwa hiyo hati yako inakuambia hivi: toka kwenye mstari wa msingi (unaokwenda mashariki-magharibi), nenda kaskazini hadi safu ya nne ya miraba, yaani kati ya maili 18 na 24, halafu kutoka meridiani kuu (mstari unaokwenda kaskazini-kusini) hesabu safu saba, ndizo renji, kuelekea mashariki. Mstari huo wa msingi wa Michigan leo unafuatwa na barabara iitwayo 8 Mile, mpakani mwa Detroit upande wa kaskazini. (Seksheni 16 nayo ina kisa chake: sheria ile ile iliitenga kwa ajili ya shule. Kama shamba lako limo humo, usishangae historia ya umiliki ikianzia kwa jimbo.)

Ya pili, yenye jina, ndiyo serikali ya mtaa: ina bodi inayochaguliwa na inakusanya kodi. Mkanganyiko unatokea kwa sababu huko Michigan mipaka ya utawala mara nyingi iliwekwa juu ya mistari ile ile ya wapimaji. Lakini jiji likikua linaweza kumega eneo la taunishipu ya utawala, ilhali mraba wa upimaji haumegeki. Pennsylvania na New Jersey zilikaliwa kabla ya sheria hiyo, ndiyo maana taunishipu zao zimepinda-pinda na hazina namba.

Andika "taunishipu ya upimaji" na "taunishipu ya utawala". "Mji mdogo" iachie Tanzania, ambako ni mamlaka halali chini ya halmashauri ya wilaya. Afrika Kusini ni habari nyingine kabisa: huko neno la Kiingereza "township", lililozaa "taunishipu", limebeba maana ya makazi waliyotengewa Weusi enzi za ubaguzi, na silabi ya mwisho ya Soweto imetoka humo.

Namba za hati usizibadilishe hata moja, wala usigeuze maili kuwa kilomita. Mpima atakayeisoma atazitafuta kama zilivyo.