Krisanthemamu zinachanua zikiwa fupi

Dada, umesema krisanthemamu zako hapo Malindi zinatoa vitumba kabla hazijafika hata magotini. Mbolea yako haina kosa. Ua hili huchanua usiku ukiwa mrefu, na kwetu karibu na ikweta giza hudumu takriban saa 12 mwaka mzima, urefu unaotosha kulifanya litoe vitumba mapema. Basi ukatize usiku: tundika balbu juu ya tuta, ziwake saa nne usiku hadi saa nane, kwa wiki nne hivi tangu kupandikiza. Mashina yakisharefuka, zima kabisa. Hata taa ya baraza ikimulika majani itachelewesha maua. Nyaya za nje afunge fundi umeme, maana chumvi ya bahari hula viungio upesi. Joto kali la Kaskazi nalo huchelewesha vitumba, kwa hiyo panda mvua za masika zikishapungua.