Meneja, itazame kazi kabla ya kumhukumu mtu

Ukipandishwa cheo kuwa meneja, watu huuliza upesi: huyu ni mkali au mpole? Nimesimamia ghala hapa Industrial Area, Nairobi, kwa muda mrefu, na ushauri wangu ni huu: usihangaike kuchagua kati ya hayo mawili.

Mwaka 1969 Wamarekani Paul Hersey na Ken Blanchard walitoa nadharia kwamba uongozi hubadilika kulingana na jinsi mtu anavyoiweza kazi na alivyo tayari kuifanya. Asiyeijua huelekezwa hatua kwa hatua; aliyeimudu huachiwa. Katikati kuna kueleza sababu na kushauriana. Wasomi wameikosoa kwa uhaba wa ushahidi, na hoja yao ni ya haki. Mimi naishika kwa kuwa inanilazimisha kuitazama kazi yenyewe.

Pale ghalani tuna mzee mmoja, mpakiaji hodari. Mpe lori la Mombasa Road: mzigo wa Kitengela ataupakia kwanza, ukae ndani kabisa, wa Mlolongo aumalizie mlangoni, na sabuni ataitenga na unga. Ukisimama kumwonyesha pa kuweka gunia, unamvunjia heshima. Lakini tulipoacha daftari tukaanza kuhesabu mali kwa simu, mzee huyohuyo akawa mgeni kazini. Wengine walisema aachwe, ni mtu mzima, atajua tu. Nilikataa. Niliketi naye juu ya katoni: "Mzee, bonyeza hapa. Sasa soma namba. Sasa hifadhi." Tukarudia na kurudia, mpaka akaacha kunitazama usoni kabla ya kubonyeza. Hapo nikainuka, nikamwachia simu.

Kuna pia Douglas McGregor, msomi Mmarekani wa mambo ya usimamizi, aliyeandika mwaka 1960 kwamba meneja anayeamini watu ni wavivu huwabana, nao hufanya kazi kwa kiasi cha kubanwa tu. Hili nimeliona kwa macho: penye matusi, gunia lililopasuka hufichwa nyuma ya mengine, na hasara inajulikana siku ya kuhesabu. Matusi hayana nafasi kazini, hata lori likichelewa.

Basi anza na mfanyakazi mmoja wiki hii. Andika kazi zake zote, na kando ya kila moja uandike: nimwelekeze, nimweleze sababu, tushauriane, au nimwachie. Kisha mpe karatasi hiyo aisome, akuambie wapi umekosea.