Usigomee ada ya teknolojia, kontena ndilo litakalogoma

Lipa! Nimesoma kwamba kontena lako la injini za boti limefika Mombasa, invoisi ya kampuni ya meli ina mstari wa "ada ya teknolojia", na wewe wa Lamu umeapa hutoi senti mpaka wakueleze ni ya nini. Na kuna watu kwenye maoni hapa juu wanakushangilia. Hao hawatakulipia storeji.

Mimi niligomea ada kama hiyo kwa kontena la marumaru la kuja Malindi. Dola thelathini na kitu. Aliyenipoteza ni wakala wangu wa forodha: "Kaza, bosi, hiyo si halali, wataifuta wenyewe." Si halali kwa sheria gani? Jibu hana, ana kifua tu. Kampuni ya meli haikufuta wala haikubishana nami. Ilinyamaza, delivari oda, ile hati yao ya kuruhusu mzigo utolewe, ikabaki kwao, na bila hiyo getini hutoki hata na kigae kimoja.

Siku za bure, zile kontena linakaa bandarini bila malipo, zikaisha. Hapo madeni yanakimbia mawili kwa pamoja, na wengi wanalijua moja tu: yadi inakudai nafasi, na kampuni ya meli inakudai kwa kulikalia kontena lake, kwa dola, na bei ya siku inapanda kadiri unavyochelewa. Jumapili inahesabiwa. Idi inahesabiwa. Wakala wangu Idi hiyo hakushika simu, yuko na pilau lake. Nilipokuja kulipa, ile ada niliyoigomea sikuiona hata ilipo kwenye jumla. Chekeni tu, marumaru zangu zilipunga upepo wa bahari kuliko watalii wa Watamu.

Tena si kodi hiyo, KRA haiwahusu. Ni bei ya kampuni kwa mfumo wake wa kutoa hati mtandaoni, na ndiyo kawaida yao: sheria ya kuthibitisha uzito wa kontena ilipoanza Julai 2016, kampuni nyingi zikaibandikia ada. Pa kubishania ni kabla mzigo haujapakiwa, uwadai orodha ya ada zote za Mombasa kwa maandishi. Hapo ushapita. Lipa leo, waandikie barua pepe kwamba unalipa huku unapinga, shika risiti, toa kontena, kisha kawasumbue utakavyo.

Uliuliza pia mambo ya lori hadi gati la Mokowe, sijui na jahazi la kuvukia Lamu. Ngoja kwanza. Kontena lilishuka melini lini? Weka tarehe hapa, tuone siku zako za bure zimebaki ngapi.